Somo la Robo Hii: Mkono Ulioumia Vibaya Unaweza Kutengenezwa

Walengwa: wazee wa kanisa, vikundi vya wanawake na vijana, wahudumu wa afya vijijini, wenye mashine na karakana
Masomo ya Biblia: Luka 6:6-11, Marko 3:1-6, 1 Wakorintho 12:14-26
Lengo: baada ya somo hili kila mmoja aweze kueleza la kufanya mkono unapoumia, hatua ambazo daktari hupitia, na wajibu wa familia na usharika hadi mkono urudi kazini.

UTANGULIZI

Habari ya mtu mwenye mkono uliopooza inasimuliwa na Mathayo, Marko na Luka. Luka peke yake ndiye anayetaja kwamba ulikuwa mkono wa kuume. Luka anajulikana kwetu kama tabibu (Wakolosai 4:14), na tabibu huuliza ni mkono upi kwa sababu anajua maana yake. Kwetu tunapeana vitu kwa mkono wa kulia, tunasalimiana kwa mkono wa kulia na tunakula kwa mkono wa kulia. Mtu ambaye mkono huo umeharibika hapungukiwi na kazi tu. Anaanza kukwepa salamu. Anauficha mkono ndani ya shuka au mfukoni mwa koti. Anakaa kiti cha nyuma kanisani, na mwisho haji kabisa.

Tazama jinsi Yesu alivyofanya. Kwanza alimwita yule mtu asimame katikati, mbele ya watu wote. Kisha akamwambia aunyoshe mkono wake. Mkono uliokuwa umefichwa ulionekana kwanza, ndipo ukapona. Somo hili linafuata njia hiyo hiyo: mkono ulioumia uonyeshwe mapema, upate matibabu sahihi, na mwenye mkono asiachwe peke yake.

1. MIKONO INAUMIA WAPI KWETU

Hapa Ngaramtoni na vijiji vinavyozunguka mlima Meru, mkono ndiyo mtaji wa watu wengi. Hatari ziko karibu nasi kila siku:

(a) Mashine za kusaga na kukoboa. Hatari kubwa ni mkanda na puli visivyofunikwa. Mkono wa shati au ncha ya shuka hunaswa, na mkono hufuata.
(b) Mashine za kukatia majani ya ng'ombe. Anayelisha majani husukuma kwa kiganja, na watoto hupenda kusaidia.
(c) Karakana za useremala na mbao. Eneo letu limezungukwa na misitu ya kupandwa, na Chuo cha Misitu cha Olmotonyi kiko jirani. Msumeno wa umeme na mashine ya randa hukata vidole kwa nukta moja.
(d) Panga na shoka, kwa ajali au kwa ugomvi.
(e) Pikipiki, hasa mkono unapoburutwa kwenye lami au kubanwa chini ya chombo.
(f) Moto wa mafiga, maji ya moto na uji. Watoto wadogo na wenye kifafa ndio waathirika wakuu.

2. MKONO UMEUMBWAJE

Lugha yetu huita "mkono" kuanzia begani hadi ncha za vidole. Katika somo hili tunazungumzia hasa kiganja na vidole. Sehemu hiyo ndogo ina mifupa 27. Juu yake kuna kano, mishipa ya damu, mishipa ya fahamu na ngozi. Wengi wetu tunaita vyote hivyo "mishipa", na ndiyo maana hatumwelewi daktari anapotueleza. Tutofautishe.

Kano ni kamba ngumu nyeupe zinazovuta vidole. Vidole vyenyewe havina misuli ya kuvikunja. Misuli hiyo iko kwenye mkono chini ya kiwiko na ndani ya kiganja. Fikiria waya wa breki ya baiskeli unaopita ndani ya mrija wake. Unabonyeza huku, breki inafunga kule. Waya ukikatika, breki haifungi hata kama gurudumu ni zima. Waya ukishika kutu ndani ya mrija, vilevile haifungi. Kano iliyokatika ni waya uliokatika. Kano iliyogandana na kovu ni waya wenye kutu. Shikilia mfano huu, tutaurudia.

Mishipa ya damu hulisha. Mishipa ya fahamu huleta hisia na amri. Kidole kinachokunjika lakini hakihisi kitu kitaungua kwenye sufuria bila mwenyewe kujua.

Wazee walisema kidole kimoja hakivunji chawa. Kazi ya mkono ni kubana na kushika, na hapo dole gumba ndilo mkuu. Madaktari hukadiria kwamba dole gumba peke yake lina takriban asilimia 40 ya kazi ya mkono mzima. Hivyo mkono ukiwa umeharibika sana, daktari hatafuti kurudisha sura ya zamani. Anatafuta dole gumba linalohisi, na angalau kidole kimoja au viwili vya kukutana nalo. Kwa mkono wa namna hiyo mtu anaweza kushika jembe, kuhesabu fedha na kufunga vifungo vya shati.

3. SAA YA KWANZA

Matokeo ya upasuaji huanza kuamuliwa kabla mgonjwa hajafika hospitali. Yafuatayo yafundishwe katika kila kikundi:

- Zima mashine kwanza. Usivute mkono ulionaswa kwa nguvu. Rudisha mashine nyuma au fungua mkanda.
- Kandamiza jeraha kwa kitambaa safi na uinue mkono juu ya usawa wa moyo. Damu nyingi husimama kwa njia hii. Kufunga kamba mkononi ni kwa damu inayohatarisha maisha tu, na muda iliyofungwa uandikwe.
- Vua pete, saa na bangili mara moja, kabla mkono haujavimba.
- Usipake udongo, majivu, samadi, mafuta ya taa wala dawa ya meno.
- Kama ni moto, weka mkono kwenye maji safi yanayotiririka kwa dakika 20, kisha ufunike kwa kitambaa safi.
- Kidole kilichokatika kisitupwe. Kifunge kwenye kitambaa safi chenye unyevu, tia ndani ya mfuko wa plastiki usiopitisha maji, kisha weka mfuko huo kwenye maji yenye barafu. Kidole kisiguse barafu yenyewe. Hata kama hakiwezi kurudishwa, ngozi yake yaweza kutumika kufunika jeraha.
- Mgonjwa asile wala asinywe mpaka aonwe, maana huenda akahitaji nusu kaputi.
- Usingoje kesho.

Hospitali ya Kilutheri ya Selian iko hapa hapa Ngaramtoni. Mjini Arusha ipo Hospitali ya Mkoa ya Mount Meru, na ipo ALMC ya kanisa letu iliyofunguliwa mwaka 2008. Kwa majeraha makubwa zaidi kuna rufaa ya KCMC Moshi, iliyofunguliwa mwaka 1971, kiasi cha kilomita 80 kutoka Arusha, na taasisi ya mifupa ya MOI pale Muhimbili, Dar es Salaam.

4. HATUA ZA UPASUAJI

Familia nyingi hukata tamaa au humtorosha mgonjwa kwa sababu hazielewi kinachofanyika. Tuchukue mfano wa kijana aliyenaswa na mkanda wa mashine ya kusaga. Ngozi ya mgongo wa kiganja imechunika, mifupa miwili imevunjika, na kano zinaonekana. Hatua zake ni hizi.

Hatua ya kwanza ni kusafisha. Mgonjwa hupata sindano ya pepopunda na dawa za kuzuia vijidudu, kisha jeraha huoshwa kwa maji mengi chumba cha upasuaji na nyama iliyokufa hukatwa. Mara nyingi daktari haushoni mkono siku hiyo. Huufunga kwa bandeji na kuurudia baada ya siku mbili hivi. Hapa ndugu hulalamika: "Wamemwacha na kidonda wazi!" Ndugu zangu, kidonda chenye vumbi na grisi kikishonwa haraka hufungia usaha ndani, na usaha huweza kuharibu kano na mifupa iliyokuwa imesalia. Kukiacha wazi kwa siku chache ni matibabu.

Hatua ya pili ni mifupa. Mifupa ya vidole ni midogo, hivyo hushikiliwa kwa vipini vyembamba vya chuma vinavyotokeza nje ya ngozi. Kwa kawaida huondolewa baada ya wiki chache. Nyumba hujengwa kwa kuanzia nguzo; bila mifupa iliyotulia, kilichoshonwa juu yake kitakatika.

Hatua ya tatu ni mishipa na kano. Mishipa ya damu iliyokatika huungwa kama bado inawezekana, kisha kano na mishipa ya fahamu. Mishipa ya damu ya kidole ni myembamba mno, na kuiunga huhitaji darubini ya upasuaji. Ndiyo sababu kurudisha kidole kilichokatika kabisa ni kazi ya hospitali chache. Huko Japani dole gumba lililokatika kabisa lilirudishwa mwaka 1965, na miaka mitatu baadaye John Cobbett wa Uingereza alihamisha kidole kikubwa cha mguu kikawa dole gumba la mkono.

Hatua ya nne ni ngozi. Kama chini kuna nyama nzima yenye damu, daktari huchukua utando mwembamba wa ngozi kutoka pajani na kuutandika. Utando huo hauna damu yake. Huishi kwa damu ya mahali ulipotandikwa. Juu ya mfupa mtupu au kano tupu hufa, kama mbegu iliyotupwa mwambani. Hapo ngozi nene inayokuja na mshipa wake wa damu huhitajika.

Njia mojawapo ilielezwa mwaka 1972 na madaktari wa Uskoti, Ian McGregor na Ian Jackson. Kipande cha ngozi ya kinena hukatwa pande tatu, upande wa nne ukiachwa umeshikamana na mwili pamoja na mshipa wake. Kiganja hushonewa kwenye kipande hicho, na mgonjwa hukaa hivyo, mkono kinenani, kwa takriban wiki tatu. Katika muda huo mishipa midogo ya damu huota kutoka mkononi kuingia kwenye ngozi mpya. Kisha daktari hukata ile sehemu iliyokuwa imeshikamana, na ngozi hubaki mkononi. Njia hii haihitaji darubini, hivyo inafaa sana kwa hospitali zetu. Lakini inahitaji mgonjwa mvumilivu, na ndugu wa kumvika, kumlisha na kumwogesha. Akitoroka siku ya kumi, kazi yote imepotea.

Hatua ya tano hufuata baada ya miezi. Kano iliyogandana huweza kufunguliwa. Kano iliyokufa huweza kubadilishwa kwa kuazima ya jirani. Kovu linalovuta huachiliwa.

Tuseme pia ukweli: wakati mwingine ushauri mzuri wa daktari ni kukata kidole. Kidole kigumu, kisichohisi, kinachouma kila wakati, huzuia vidole vizima kufanya kazi. Mgonjwa aelezwe, aulize, kisha akubali mwenyewe.

5. NUSU YA KAZI NI YA MGONJWA

Daktari akimaliza kushona, mkono huanza kutengeneza kovu. Kovu halichagui, hushika ngozi, kano na mfupa pamoja. Hapa turudi kwenye waya wa breki: ukiungwa vizuri kisha ukaachwa bila kusogea, utashika kutu. Kwa hiyo mazoezi huanza mapema, mara nyingi ndani ya siku chache, chini ya mtaalamu wa mazoezi ya viungo. Lakini kano iliyoshonwa ni dhaifu wiki za kwanza. Ikivutwa kwa nguvu hukatika. Mgonjwa hupewa banzi, yaani kibao au plasta ya kuushika mkono katika mkao salama, na maelekezo: kunja kwa kiasi hiki, mara hizi, kwa siku. Kuinua mizigo mizito husubiri takriban wiki 12.

Makosa mawili hutokea sana. La kwanza ni woga: mgonjwa huuning'iniza mkono shingoni kwa miezi miwili, na vidole hukakamaa. La pili ni haraka: anajiona amepona wiki ya nne na kushika jembe.

Mishipa ya fahamu ina ratiba yake. Baada ya kuungwa huota kwa takriban milimita moja kwa siku. Kutoka kwenye kifundo cha mkono hadi ncha ya kidole ni kama sentimita 18, basi hesabu yake ni kama miezi sita, au zaidi. Ganzi ya miezi hiyo si dalili kwamba upasuaji umeshindwa. Katika muda huo mgonjwa aangalie kwa macho kila anachoshika, hasa vitu vya moto.

6. MKONO WA MTOTO ALIYEUNGUA

Kidonda cha moto kikiachwa kipone chenyewe, kovu hukaza na kuvuta vidole hadi vikagusa kiganja. Mtoto hukua, kovu halikui, na mifupa hupinda. Wazazi hudhani basi, ndivyo atakavyokuwa. Sivyo. Kovu huweza kukatwa, vidole vikanyoshwa na ngozi mpya ikatandikwa. Baada ya hapo banzi huvaliwa kwa miezi mingi, hasa usiku. Matokeo ni bora kabla mifupa na viungo havijakakamaa. Hapa Arusha kuna kituo cha The Plaster House, ambako watoto hukaa kabla na baada ya upasuaji wa kurekebisha viungo, maana kidonda cha namna hii hakiponi vizuri kwenye nyumba ya mbali yenye vumbi. Kama kuna mtoto wa namna hii mtaani kwako, usiseme amechelewa kabla mtaalamu hajamwona.

7. TULIJIFUNZA KWA NANI

Dr. Paul Brand, mtoto wa wamisionari, alijifunza kwanza kazi za ujenzi kabla ya udaktari. Mwaka 1946 alifika katika hospitali ya Kikristo ya Vellore, kusini mwa India. Huko aliwakuta watu wenye ukoma ambao vidole vyao vilikuwa vimepinda kama makucha, na karibu hakuna aliyefikiri kwamba vinafaa kupasuliwa. Alihamisha kano nzima zikafanya kazi ya zilizopooza, na mikono ikafunguka. Lakini aligundua tatizo jingine: mtu aliyekuwa akiomba kwa mkono uliopinda, sasa hakupewa tena sadaka, na kazi hakuwa nayo. Ndipo wagonjwa wakaanza kufundishwa ufundi, pamoja na useremala. Dr. Brand alifariki mwaka 2003. Mafundisho yake yanatuhusu sisi wa miradi: mkono uliotengenezwa bila kazi ya kufanya ni kazi iliyoishia njiani.

Kwetu Afrika Mashariki, daktari wa upasuaji wa kurekebisha, Michael Wood, aliyekuwa na shamba upande wa magharibi wa Kilimanjaro, pamoja na Archibald McIndoe na Thomas Rees, walianzisha mwaka 1957 huduma ya madaktari wa ndege iliyokuja kuwa AMREF. Wazo lao lilikuwa jepesi: kama mgonjwa hawezi kumfikia mtaalamu, mtaalamu amfikie mgonjwa.

8. HAKI NA WAJIBU

Upasuaji wa hatua nyingi una gharama, na ajali nyingi hutokea kazini. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri afanye mahali pa kazi pawe salama. Kufunika mikanda na meno ya mashine ni sehemu ya wajibu huo. Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008 ndiyo iliyoanzisha Mfuko wa Fidia, WCF. Mchango hutolewa na mwajiri. Haukatwi kwenye mshahara. Taarifa ya ajali itolewe mapema. Ikipita miezi 12 bila mwajiri wala mfuko kujulishwa, haki huweza kupotea. Mwenye mashine mwenye kijana mmoja tu, naye ni mwajiri. Kumpa kijana nauli na elfu kadhaa ili anyamaze si huruma, ni dhuluma.

9. USHARIKA UFANYE NINI

(i) Wazee wa kanisa watembelee mashine na karakana za mtaa wao na kuwashauri wenyewe wafunike mikanda. Fundi wa kuchomelea aliye msharika anaweza kusaidia.
(ii) Kila mtaa uwe na mtu mmoja mwenye kitambaa safi, namba ya usafiri na maarifa ya saa ya kwanza.
(iii) Mfuko wa diakonia usiishie siku ya upasuaji. Nauli ya kliniki za mazoezi ndiyo inayosahaulika, na ndiyo inayookoa mkono.
(iv) Zamu zipangwe za kulima na kukamua kwa ajili ya familia wakati mgonjwa anauguza. Akijua ng'ombe wamekamuliwa, hatatoroka wodini.
(v) Mtu anaporudi kanisani, asalimiwe kwa mkono wake huo huo, wa kulia, hata kama vidole ni vitatu. Mtume Paulo anatufundisha kwamba jicho haliwezi kuukana mkono. Nasi tusiukane.

MASWALI YA KUJADILI

1. Kwa nini Yesu alimwita yule mtu katikati kabla ya kumponya? Mtaani kwetu nani anauficha mkono wake?
2. Taja mashine zilizo karibu na nyumba yako. Ngapi zina mikanda iliyofunikwa?
3. Kijana amekatwa kidole saa mbili usiku. Elezeni, hatua kwa hatua, mtafanya nini.
4. Ni mambo gani huwafanya wagonjwa wetu watoroke au waache mazoezi? Lipi kati ya hayo usharika unaweza kuliondoa mwezi huu?
5. Mtu aliyekuwa seremala amebaki na vidole vitatu. Ni kazi zipi anaweza kuzifanya, na nani atamfundisha?

KAZI YA KUFANYA: kila kikundi kichague mashine moja na mgonjwa mmoja. Kabla ya toleo lijalo, mkanda wa mashine hiyo uwe umefunikwa, na mgonjwa huyo awe ameonwa na mtaalamu. Tuletee taarifa kupitia ofisi ya usharika.

Mungu abariki kazi ya mikono yetu.